Chifu Katika Kiti cha Spika

Tarehe 7 Desemba 1926, Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilikutana kwa mara ya kwanza mjini Dar es Salaam. Aliyekalia kiti cha mbele alikuwa Gavana Sir Donald Cameron. Serikali iliyoleta miswada ilikuwa yake, na wajumbe waliokaa kumsikiliza walikuwa wameteuliwa, si kuchaguliwa. Maofisa wa serikali walikuwa 13. Wasio maofisa walikuwa saba, Wazungu watano na Waasia wawili. Mwafrika hakuwamo hata mmoja, na sababu iliyotolewa ilikuwa lugha: ati hakupatikana Mwafrika mwenye Kiingereza cha kutosha kufuata mjadala.

Mwaka huohuo Cameron alipitisha sheria ya kuwapa machifu mamlaka ya kutawala watu wao kwa niaba ya Mwingereza. Kwa hiyo chifu alitosha kukusanya kodi, kuhukumu kesi na kutoa amri kule kwake, lakini hakutosha kuketi Dar es Salaam pale sheria ya kodi hiyo ilipotungwa. Mambo hayo mawili yalikaa pamoja kwa miaka 19.

Desemba 2026 chombo hicho, ambacho leo ni Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, kinatimiza miaka 100. Wapo watakaosema tuhesabu kuanzia 1961, maana baraza la gavana halikuwa letu. Hoja yao ina uzito. Lakini kanuni, meza, kumbukumbu za majadiliano, na hata namna ya kusimama na kuomba kusema, vyote vilipita mkono kwa mkono kutoka baraza lile. Na yupo mtu mmoja aliyevuka daraja hilo akiwa ndani ya chombo, aliyeingia akiwa mteule wa gavana na kutoka akiwa Spika wa Bunge lililokuwa tayari limeruhusu vyama vingi. Historia ya Bunge letu haiwezi kuandikwa bila Chifu Adam Sapi Mkwawa, ingawa mara nyingi huandikwa hivyo.

Milango ilifunguliwa kidogo mwaka 1945. Waafrika wawili waliteuliwa: Mangi Abdiel Shangali wa Machame na Mtemi Kidaha Makwaia wa Usiha, Shinyanga. Kufikia 1948 walikuwa wanne, baada ya kuongezwa Adam Sapi kutoka Uhehe na mwalimu Juma Mwindadi. Angalia mpangilio wenyewe: watatu kati ya wanne walikuwa machifu. Serikali ya kikoloni ilitaka sauti ya Mwafrika, lakini iliitaka kutoka kwa mtu aliyekuwa na kitu cha kupoteza.

Adam Sapi alizaliwa mwaka 1920, akatawazwa kuwa Mtwa wa Wahehe mwaka 1940, angali kijana wa miaka 20. Alikuwa mjukuu wa Mkwavinyika Munyigumba, yule Mkwawa ambaye askari wake waliliangamiza jeshi la Mjerumani Emil von Zelewski pale Lugalo mnamo Agosti 1891, kisha akapigana vita vya msituni hadi alipojiua Julai 1898 ili asikamatwe hai. Wajerumani walichukua fuvu la kichwa. Likawa jambo la kimataifa: Mkataba wa Versailles wa 1919, ule uliomaliza Vita Kuu ya Kwanza, una kifungu, cha 246, kinachoitaka Ujerumani ilirudishe. Halikurudishwa. Ni Gavana Edward Twining aliyelifuatilia hadi kwenye jumba la makumbusho la Bremen, na tarehe 19 Juni 1954 akalikabidhi kwa Adam Sapi pale Kalenga mbele ya umati mkubwa wa Wahehe.

Twining hakufanya hisani tupu. Kenya ilikuwa inawaka moto wa Mau Mau, na gavana alihitaji machifu wanaoheshimika na wanaomheshimu. Adam Sapi alipokea fuvu la babu yake kutoka kwa dola aliyoitumikia barazani, na miaka michache baadaye akawa upande wa watu walioiondoa dola hiyo. Sioni unafiki hapo. Naona mtu aliyejua kuketi katikati ya pande mbili bila kupoteza heshima ya upande wowote, na hicho ndicho kipaji ambacho kiti cha Spika hudai kuliko kingine.

Hadi 1953 hapakuwa na Spika. Gavana alikuwa mwenyekiti wa baraza. Mwaka huo aliteuliwa William Scupham, na mwaka 1956 akafuatiwa na Abdulkarim Karimjee, wa familia ya wafanyabiashara iliyoanzia Zanzibar. Familia hiyohiyo ndiyo iliyotoa Ukumbi wa Karimjee, jengo jeupe ndani ya bustani ya mimea iliyoachwa na Wajerumani, ambamo baraza na baadaye Bunge vilikaa kwa miongo kadhaa. Vijana wa leo wa Dar es Salaam wanaijua Karimjee kama mahali pa kuagia miili ya viongozi. Wazee wao waliijua kama mahali ambapo nchi ilizungumzwa hadi ikapatikana: mkutano wa Machi 1961 na Waziri wa Makoloni Iain Macleod, ulioamua tarehe ya uhuru, ulifanyika humo.

Mwaka 1955 Twining alipanua baraza. Viti 30 vya wasio maofisa viligawanywa sawasawa: 10 kwa Waafrika, 10 kwa Waasia, 10 kwa Wazungu. Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8 na Wazungu kama 20,000, na mgawanyo huo ukaitwa usawa. Julius Nyerere aliteuliwa mwaka 1957, akakaa miezi michache, akajiuzulu Desemba mwaka huohuo baada ya kuona kwamba kila alichokubali upande wake kulegeza hakikujibiwa na upande wa pili.

Kisha ukaja uchaguzi wa 1958 na 1959, maarufu kwa kura tatu. Mpiga kura alipaswa kuchagua watu watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu, la sivyo kura yake iliharibika. Na si kila mtu alipiga: ulihitaji kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo fulani. TANU, chama cha Nyerere, ilikaribia kupasuka. Katika mkutano wa Tabora wa Januari 1958 wengi walitaka kususa. Nyerere akawashawishi washiriki, na Zuberi Mtemvu akaondoka kuanzisha chama chake. Hesabu ya Nyerere ilikuwa rahisi: kama kila Mwafrika atapiga kura tatu, basi Waafrika ndio watakaochagua hata Mzungu na Mwasia watakaoingia. Ndivyo ilivyokuwa. Sophia Mustafa alishinda Arusha kwa kuungwa mkono na TANU, na Lady Chesham akaingia kutoka Iringa. Mtego uliotegwa kuwagawa watu ukawaunganisha. Oktoba 1958 Gavana mpya, Richard Turnbull, alisimama barazani kutamka kwamba serikali ya kujitawala itakapokuja itakuwa na Waafrika wengi zaidi. Baada ya hapo ilibaki kupanga tarehe.

Uchaguzi wa Agosti 1960 ulikuwa wa viti 71. Vya 58 havikuwa na upinzani. TANU ilipata vyote isipokuwa kimoja, cha Mbulu, ambako Herman Sarwatt alishinda kama mgombea binafsi, naye pia alikuwa mwanachama wa TANU! Nalitaja hili kwa sababu linaeleza Bunge lililofuata. Lilizaliwa bila upinzani kabla hata sheria ya chama kimoja haijaandikwa.

Tarehe 27 Novemba 1962, siku chache kabla Tanganyika haijawa Jamhuri, Adam Sapi Mkwawa alikalia kiti alichokiacha Karimjee. Akawa Spika wa kwanza Mwafrika, akiwa na miaka 42.

Mwaka uliofuata Bunge lake lilipitisha sheria ya kufuta Sheria ya Machifu. Mamlaka ya kichifu yakakoma kisheria nchi nzima, Uhehe ikiwemo. Rais aliyeisaini, Nyerere, alikuwa mtoto wa chifu wa Wazanaki. Chifu Abdallah Fundikira wa Unyanyembe, Waziri wa Sheria, aliondoka serikalini mwaka huohuo. Adam Sapi alibaki kitini. Spika hapigi kampeni, hachangii hoja. Huuliza wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo, kisha hutangaza walioshinda. Mtu akaongoza kikao kilichofuta cheo chake cha kuzaliwa, na watu wakaendelea kumwita Chifu hadi anakufa, ndani ya Bunge na nje.

Kanuni alizozisimamia zilikuwa za Westminster kwa asili yake. Siwa huingia mbele ya Spika ikibebwa na Mpambe wa Bunge, na huwekwa juu ya meza. Bunge likikaa kama Kamati ya Bunge Zima kupitia muswada kifungu kwa kifungu, huteremshwa. Muswada husomwa mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Mbunge asiyeridhika na waziri hutishia kutoa shilingi kwenye mshahara wake, na maskini waziri hulazimika kusimama tena kueleza. Mambo haya msomaji wa leo huyaona ya kawaida, lakini mwaka 1962 hayakuwa kawaida kwa wengi walioingia Karimjee wakitoka kwenye vyama vya wafanyakazi, vyama vya ushirika na shule za misheni. Kuna mtu alipaswa kuwafundisha bila kuwaaibisha. Mezani mbele ya Spika, katika miaka hiyo ya 1960, alikaa Katibu wa Bunge kijana kutoka Ukerewe, Pius Msekwa. Mtamkumbuka, atarudi.

Shughuli nazo zilibadili lugha. Baraza la gavana lilizungumza Kiingereza. Bunge la Jamhuri likahamia Kiswahili, na mbunge aliyekuwa bubu kwenye lugha ya Mwingereza akageuka msemaji hodari. Cha ajabu ni kwamba sheria zenyewe ziliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Wabunge walijadili kwa Kiswahili miswada ambayo wapiga kura wao wasingeweza kuisoma, hadi mwaka 2021 Kiswahili kilipotamkwa rasmi kuwa lugha ya sheria. Miaka 60 ni mingi mno kwa jambo hilo, na hapo Bunge halina wa kumlaumu ila lenyewe.

Aprili 1964, Adam Sapi akiwa Spika, Bunge liliitwa kuridhia Mapatano ya Muungano na Zanzibar. Liliridhia tarehe 25, Muungano ukaanza tarehe 26. Mwaka 1965 Katiba ikafanya TANU kuwa chama pekee kwa Tanganyika, na uchaguzi wa Septemba ukaja na utaratibu wa aina yake: wagombea wawili wa chama kimoja kila jimbo, mmoja akipewa alama ya jembe na mwingine nyumba. Wakosoaji walidhani ni mchezo wa kuigiza. Wapiga kura walimwangusha Paul Bomani, Waziri wa Fedha. Bibi Titi Mohamed, aliyewazoa wanawake wa Dar es Salaam na kuwaingiza TANU, akaangushwa Rufiji. Mawaziri walijifunza kuogopa majimbo yao.

Lakini kumwogopa mpiga kura ni kitu kimoja, na kuwa na Bunge lenye nguvu ni kingine. Oktoba 1968 Halmashauri Kuu ya TANU iliwafukuza uanachama watu tisa. Oscar Kambona, aliyekuwa ameshakimbilia London, alikuwa mmoja wao. Wengine walikuwa wabunge ambao kosa lao kubwa lilikuwa kusema sana, kama Joseph Kasella-Bantu, mmoja wa waasisi 17 wa TANU. Kwa kuwa mbunge alitakiwa kuwa mwanachama, aliyenyang'anywa kadi alinyang'anywa na kiti. Uamuzi ulifanyika kwenye kikao cha chama, na kanuni za Bunge hazikumpa Spika neno lolote la kusema. Katika kuadhimisha taasisi ni rahisi kuuruka mwaka huu. Mimi naona ndio mwaka ambao wabunge walielewa mipaka ya ukumbi wao ilipo, na wengi wao hawakuisahau.

Hata hivyo hawakunyamaza kabisa. Mwaka 1973, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipoacha kukusanya kodi ya mapato kwa pamoja na kila nchi ikabaki na yake, serikali ilileta Muswada wa Kodi ya Mapato. Wabunge wakaukataa. Si kwamba waliulalamikia kisha wakaunga mkono hoja mia kwa mia, kama ilivyo desturi, waliukataa. Mwalimu Nyerere akawajulisha kwamba wakishikilia msimamo atalivunja Bunge, na kila mmoja arudi jimboni kwake kueleza. Muswada ukapita. Wapo wanaolisimulia tukio hili kama fedheha ya Bunge. Nadhani linaonyesha pia kitu kingine: kwamba kura ya siyo bado ilikuwa inahesabiwa, na serikali ilipoishindwa ililazimika kutumia silaha ya mwisho iliyokuwa nayo.

Mwishoni mwa mwaka huohuo Adam Sapi alimpisha Chifu Erasto Mang'enya kutoka Bonde, aliyekuwa ameongoza Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, chombo cha kusikiliza malalamiko ya wananchi dhidi ya watumishi wa umma. Chifu akamwachia chifu, miaka 10 baada ya uchifu kufutwa. Novemba 1975 Adam Sapi akarudi, na safari hii akakaa zaidi ya miaka 18.

Awamu hiyo ya pili haina matukio mengi ya kusimulia, nami sitayatafuta kwa nguvu. Chama kilitamkwa kuwa chenye mamlaka ya mwisho katika mambo yote, TANU na ASP ya Zanzibar zikaungana kuwa CCM mwaka 1977, Katiba mpya ikaandikwa, na Bunge likawa mahali pa kuridhia zaidi ya mahali pa kuamua. Vita vya Kagera, uhaba wa sabuni na unga, masharti ya wakopeshaji, mageuzi ya uchumi ya Rais Mwinyi: yote yalijadiliwa, machache yaliamuliwa humo.

Kisha, mwishoni kabisa mwa utumishi wa mzee, Bunge likamshangaza kila mtu. Desemba 1992 Zanzibar ilijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, jambo ambalo kamati ya Bunge iliona limekiuka Katiba ya Muungano. Zanzibar ikajitoa, lakini hasira haikutoka. Wabunge 55, wakiongozwa na Njelu Kasaka na kujulikana kwa jina la G55, wakaleta hoja ya kuanzisha serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano. Agosti 1993 hoja ikapita. Wabunge wote walikuwa wa CCM, maana uchaguzi wa vyama vingi ulikuwa bado, na sera ya CCM ilikuwa serikali mbili. Mwalimu, aliyekuwa amestaafu, alikasirika kiasi cha kuandika kitabu, *Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania*, kilichotoka 1994, akiwashambulia waziwazi Waziri Mkuu na Katibu Mkuu wa chama kwa kuiacha hoja ikapita. Azimio likazimwa na chama. Lakini Spika aliyeruhusu hoja hiyo ijadiliwe kwa utaratibu, isomwe, ichangiwe na kuhojiwa, alikuwa yuleyule aliyekaa kimya mwaka 1968. Kanuni zilikuwa upande wa wabunge safari hii, na alizifuata.

Aprili 1994 aliondoka. Aliyechukua kiti alikuwa Pius Msekwa, yule katibu wa mezani wa miaka ya 1960, ambaye katikati alikuwa Makamu Mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Msekwa aliongoza mabunge ya kwanza ya vyama vingi hadi 2005. Alifuatiwa na Samuel Sitta, aliyejinadi kwa kasi na viwango, na ambaye Bunge lake lilimfikisha Waziri Mkuu Edward Lowassa kujiuzulu Februari 2008 kwa sakata la mkataba wa umeme wa Richmond. Akaja Anne Makinda mwaka 2010, mwanamke wa kwanza katika kiti hicho.

Hawa watatu huzungumzwa kama watu wa tabia tofauti kabisa, na ni kweli: msomi wa kanuni, mpenda makabiliano, mama asiyetaka utani. Kinachosahaulika ni walikojifunzia. Msekwa alikaa miguuni pa Adam Sapi akiwa karani wake mkuu. Sitta na Makinda wote waliingia bungeni mwaka 1975, mwaka ambao mzee alirudi kitini, na wakamsikiliza kwa karibu miaka 19. Yeye mwenyewe aliketi barazani enzi ambazo gavana ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Kwa hiyo kutoka kwa gavana hadi kwa Makinda mnyororo haukukatika: kila aliyekalia kiti alikuwa amemwona aliyemtangulia akikifanyia kazi.

Chifu Adam Sapi Mkwawa alifariki Juni 1999. Mwaka uliofuata Job Ndugai alichaguliwa mbunge wa Kongwa. Ndiye aliyekuja kuwa Spika mwaka 2015, wa kwanza asiyewahi kukaa katika Bunge lililoongozwa na mzee huyo. Januari 2022 Ndugai alijiuzulu, baada ya maneno yake kuhusu mikopo ya serikali kuwaudhi wakubwa wa nchi. Sidai kwamba jambo moja lilizaa jingine. Naandika tu mfuatano wake, kwa kuwa katika miaka 100 ya chombo hiki hakuna Spika mwingine aliyeachia kiti namna hiyo.